Land Rover ya Mpakani

Kaka zangu wawili waligombana miezi minne juu ya gari ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kufungua boneti yake.

Mkubwa, Calvin, alitaka litengenezwe. Yeye anakaa Arusha mjini, anafanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya utalii, na kazi yake ni kuwaambia wazungu mbuga gani ni nzuri ilhali yeye hajafika hata moja. Wa pili, Prosper, ana duka la vifaa vya ujenzi Sokon I, na alitaka liuzwe. Mimi Hanna ni wa mwisho. Ndiye niliyebaki na mama huku juu ya Usa River, kwenye kihamba cha marehemu baba yetu, Nathanaeli, shamba letu la urithi la migomba na kahawa. Boneti naijua. Unaipiga ngumi upande wa kushoto, unaingiza vidole viwili kwa chini, unavuta komeo huku umeinyanyua kwa goti. Miezi yote minne hakuna aliyeniuliza.

Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, ile ndefu. Baba aliinunua kwa mzee mmoja wa Momela kabla mimi sijazaliwa. Ilibeba kahawa, ikabeba maziwa, ikabeba maharusi kwenda kanisani na marehemu kutoka hospitali, mpaka giaboksi ikafa. Baada ya hapo ilikaa uani miaka mitano ikiwa nyumba ya kuku.

Sasa, ili mtu aelewe ujinga wa kaka zangu, lazima ajue kwa nini gari lile halikubaki uani.

Babu alikigawa kihamba chake mara mbili, nusu ya baba na nusu ya mdogo wake, Elieshi, ambaye sisi tunamwita baba mdogo. Katikati akapanda mstari wa masale, kutoka barabarani mpaka kwenye mfereji wa maji. Isale ni mmea tu, wenye majani marefu kama panga. Lakini kwetu Meru isale ndilo linalosema hapa ni kwangu na pale ni kwako, na mtu mwenye akili zake hachezi nalo. Nilipokuwa na miaka tisa tuliamka asubuhi tukakuta masale sita ya upande wa chini yameng'olewa na kutupwa mgombani. Baba mdogo akasema ni ng'ombe.

"Ng'ombe gani," baba akamuuliza, "anayeng'oa isale na kuacha jani la mgomba?"

Wazee wa ukoo wakaja. Wakala loshoro, yale makande ya maziwa mgando, wakapima kwa hatua, wakarudisha mpaka palepale ulipokuwa. Wakasema masale yapandwe upya. Na kwetu isale la mpakani halipandwi na mtu mmoja. Wenye mpaka wote wawili wanalishika shina, mmoja huku na mmoja huku, wanalishusha shimoni pamoja mbele ya watu. Aliyelishika kwa mkono wake hawezi tena kusema hakujua. Akilivuka, aibu yake inarithiwa na watoto.

Baba mdogo akasema sawa, ila leo mgongo unamuuma. Wiki iliyofuata alikuwa na msiba. Ya tatu ikanyesha mvua. Baba akachoka kungoja. Akaita vijana, wakaisukuma ile Land Rover kutoka uani mpaka kwenye ule mpaka, magurudumu ya kulia yakakaa juu ya mstari wenyewe kama yamepimwa kwa kamba. Mimi ndiye niliyeweka jiwe nyuma ya tairi. Baba akatoa upepo matairi yote manne, akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na migomba:

"Isale linang'oka kwa mkono mmoja. Haya, na hili ling'oeni."

Miaka kumi na sita gari limekaa pale. Rimu zimezama ardhini mpaka nusu. Baba amefariki mwaka wa nne huu, na mdogo wake hajapata nafasi ya kuja kushika isale. Kwa hiyo gari likiondoka hakuna kingine. Kuna nyasi, basi. Na upande wetu wa zile nyasi kuna kipande cha hatua tisa chenye mibuni kumi na saba ya mama na mlango wa maji yake. Mama hana kahawa nyingine. Hiyo ndiyo sukari yake, ndiyo sadaka yake, ndiyo sabuni yake.

Mwaka jana baba mdogo alijenga nyumba ya wageni, yenye kibaraza cha kuutazama Mlima Meru. Nyumba nzuri. Kasoro yake moja: gari halifiki. Wageni wanashukia barabarani, wanapita nyuma ya banda la ng'ombe wakiburuta masanduku yao kwenye samadi. Mwezi wa kwanza nilimwona baba mdogo mwenyewe akitembea ndani ya kahawa ya mama, hatua moja, hatua mbili, midomo inahesabu. Aliponiona akaanza kuita, "Kuku! Kuku!" kama mtu aliyepotelewa na kuku. Baba mdogo hafugi kuku.

Sasa wasikilize kaka zangu.

Pasaka walikuja wote wawili. Tumekaa uani, mama amepika machalari ya ndizi na nyama, na Calvin ameshika simu badala ya kijiko.

"Hii ni klasiki," alisema. "Nyie hamwelewi. Nimeweka picha kwenye grupu letu la wapenda magari ya kale, watu mia moja na ishirini wameipenda. Jamaa mmoja wa Nairobi ameweka alama ya moto."

"Aje na huo moto apikie," Prosper akajibu. "Kaka, hicho ni chuma chakavu. Tena bahati yake bodi ni aluminiamu. Watu wa masufuria wanalichukua hata kesho."

"Masufuria! Unataka kumgeuza baba masufuria?"

"Si heri masufuria, yatapika. Wewe utalifanyia nini?"

"Nina fundi Sokon I hapohapo karibu na duka lako. Linavutwa, linapelekwa, anatoa injini hii, anaweka ya Haisi. Rangi ya maziwa, taa mpya, muziki. Nitakuwa naenda nalo kanisani Krismasi."

Nililala na cheko tumboni siku hiyo. Gari alilolikimbia utotoni kwa aibu asionekane amepakiwa na ndoo za maziwa, leo ndilo la kwendea kanisani. Na tena liitwe Land Rover likiwa na tumbo la Haisi.

Lakini nilichokiona mimi ni kingine. Kuuza ni kuliondoa. Kutengeneza ni kuliondoa. Wanagombana miezi yote, mmoja anavuta huku na mwenzake anavuta kule, na kote wanakovuta ni kulitoa mpakani. Nikasema. Nilisema mara moja, wazi, huku natoa sahani.

"Likitoka, mpaka wa mama utabaki na nini?"

Calvin akacheka kwa upole, kicheko kile anachowachekea wageni wa ofisini. "Hanna, mdogo wangu, wewe uliishia la saba si kosa lako. Siku hizi mipaka iko kwenye satelaiti."

"Hiyo satelaiti ilikuja lini kushika isale?"

"Jamani huyu mtoto!" Akamgeukia Prosper wacheke wote.

Prosper hakucheka. Alikuwa anautazama mfupa kwenye sahani yake kana kwamba umeandikwa kitu. Nikaliweka hilo moyoni. Prosper mimi namjua. Akiwa na hoja anapiga kelele, akinyamaza, ameshafanya.

Baba mdogo naye huyo akatokea, amevaa koti la Jumapili, harufu ya machalari imemfikia au kelele zimemfikia, sijui. Tukamwamkia, akaketi, akala, kisha akaanza kusuluhisha.

"Wanangu, msigombane kwa sababu ya mali ya marehemu. Mkiuza, sawa. Mkitengeneza, sawa. Mimi ni baba yenu, sina upande. Siku mtakayoamua, niambieni tu. Nitaleta vijana na kamba, tutalitoa. Bure kabisa."

Bure! Baba mdogo Elieshi ambaye mama alipoomba mbegu ya maharage kikombe kimoja alimpimia kwa kikombe cha kahawa! Mama alimtazama, akasema, "Asante, shemeji," akaenda kuosha vyombo. Calvin akamshika mkono baba mdogo kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Alisema watu wa namna ile wamebaki wachache.

Mwezi wa tano Prosper akaleta mnunuzi. Anaitwa Rodrick, Mchaga wa Marangu, mtu mnene mtaratibu anayenunua magari mabovu ya zamani na kuyauza kwenye hoteli za kitalii. Hili alitaka kulipeleka hoteli moja njia ya Momela, liwekwe getini, wageni wapige nalo picha.

Calvin alipanda kutoka mjini kuja kumfundisha. Akamzungusha gari lote akilisifu kwa maneno aliyoyasoma kwenye simu, akagonga bodi kwa kucha, akasema "chesisi" mara tano. Rodrick akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Tufungue boneti," akasema.

Calvin akavuta. Prosper akavuta. Wakavuta wote wawili wakitazamana kama ng'ombe wa nira moja. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai. Nikaiweka chini, nikapiga ngumi, nikavuta, nikanyanyua kwa goti. Kuku akatoka akilalamika. Rodrick akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kaka zangu walivyopenda.

"Hii nainunua hivihivi," alisema. "Injini yake ipo, giaboksi yake ipo, hata kama imekufa. Mngeweka ya Haisi ningegeuza gari langu nirudi mjini."

Calvin akakohoa. "Hicho ndicho nilichokuwa nawaambia hawa. Uasilia."

Nilikunywa chai yangu nikatazama mlima.

Kisha Rodrick akainama akazitazama rimu zilivyozama. Akatazama nyuma, kwenye mstari wa masale ya juu. Akatazama mbele, kwenye mfereji. "Mzee kwa nini aliliegesha hapa?" akauliza. "Uani kuna nafasi."

"Aliliacha tu," Prosper akajibu haraka. "Liliharibika hapo."

Nilitaka kusema. Nikameza. Yapo maneno ukiyasema kabla ya siku yake yanakuwa kelele za mtoto wa kike aliyeishia la saba. Nikayatunza.

Calvin alikubali liuzwe siku ileile. Msimamo wa miezi minne uliisha Rodrick alipomwahidi kwamba hotelini litawekwa kibao chenye jina la familia, naye aalikwe siku ya uzinduzi. Wakapanga Jumamosi. Baba mdogo akaambiwa alete kamba.

Ijumaa mchana nilimkuta mama anachuma kahawa, zile chache zinazowahi.

"Mama, wewe unataka liuzwe au litengenezwe?"

"Nataka kahawa yangu," akasema, na wala hakugeuka.

Hilo tu. Katika watu wote waliolizungumzia gari lile, mama peke yake alilijibu swali lenyewe.

Jumamosi niliamka na jua. Nikaenda kwenye masale ya juu, yale ya babu ambayo hayajaguswa, nikakata majani manne. Nikafunga fundo moja bampa ya mbele, moja mlango wa kulia, moja wa kushoto, moja nyuma. Fundo la isale kwenye kitu linasema jambo moja tu: usiguse, kuna neno hapa halijaisha. Halafu nikachukua jembe, nikachimba mashimo sita kwenye mstari wa magurudumu ya kulia, matatu mbele ya gari na matatu nyuma yake. Nikaweka miche sita ya masale kwenye ndoo yenye maji. Mama alisimama mlangoni akanitazama kwa muda. Akaingia ndani kuinjika chai ya wageni.

Baba mdogo alifika na vijana saba wa kijijini, kamba ameizungusha begani yeye mwenyewe, anaimba pambio. Kijana wa mbele, Lengai, ndiye aliyeliona fundo. Akasimama. Walio nyuma yake wakamgonga mgongoni, wakaliona nao.

"Nani ameweka majani haya?" Baba mdogo akacheka. Alicheka peke yake. "Watoto wamecheza. Haya, fungeni kamba."

"Baba, hilo ni isale," Lengai akasema.

"Naona. Litoe."

"Litoe wewe. Mimi nina watoto."

Rodrick naye akafika, lori lake limebaki barabarani. Akatembea mpaka kwenye gari, akaliona fundo la bampa, akavua kofia. "Kwetu Marangu gari lenye sale siligusi hata nikipewa na pesa juu," alisema. "Semeni kwanza wenyewe. Mimi nipo."

Akakaa kwenye jiwe.

"Jamani!" Calvin alikuwa amevaa miwani ya jua, amekuja kupigwa picha. "Jamani, hayo ni majani! Tuko karne ya ishirini na moja. Sisi ni Wakristo, tumebatizwa!"

"Kweli kabisa," mama akasema kutoka mlangoni. "Wewe umesoma, mwanangu. Fungua."

Calvin akasogea. Akanyoosha mkono mpaka kwenye mlango wa kushoto, vidole vikabaki hewani kama anapima joto la pasi. Halafu akaingiza mkono huohuo mfukoni, akatoa simu.

"Ngoja nipokee hii, ni ofisini."

Simu haikulia. Watu wote tulikuwa pale, na masikio tunayo. Akaenda nayo mpaka nyuma ya choo, akasimama huko anaongea na hewa.

Baba mdogo uso ulishaanza kubadilika. Akamgeukia Prosper, akasahau kupunguza sauti. "Prosper, si tulishaelewana wewe na mimi? Mbona sasa unaniacha peke yangu?"

Mama akatoka mlangoni. Akaja mpaka tulipo, polepole, anafuta mikono kwenye kanga. "Mlielewana nini?"

Baba mdogo akaanza kukunja kamba.

"Prosper. Nakuuliza wewe niliyekuzaa. Mlielewana nini?"

"Mama, ni maendeleo tu," Prosper akasema, anaongea na viatu vyake. "Baba mdogo anahitaji njia ya gari. Njia yenyewe ni nyembamba. Mimi nitatoa saruji na nondo za ghorofa ya pili, halafu nakuwa na sehemu yangu pale kwenye nyumba ya wageni. Ni faida ya wote. Nilitaka kukuambia gari likishatoka."

"Na kahawa yangu ulitaka kuihamishia wapi? Juu ya hiyo ghorofa?"

Lengai akageukia mgombani, mabega yanamcheza. Nilimtazama Prosper kama mtu anavyotazama kitu kilichokwama kwenye kandambili. Kumbe bei hakuijali. Masufuria, chuma chakavu, hoteli, yote yale yalikuwa maneno ya kujaza mdomo. Angeligawa bure kwa muuza karanga mradi litoke. Na yule mwingine, na klasiki yake, alikuwa anamsaidia kazi bila hata kulipwa.

Ndipo nikasema. "Baba mdogo, mashimo yapo. Miche ipo kwenye ndoo. Shika isale leo, na gari litoke leo."

"Hanna mwanangu, mambo haya yanataka wazee. Halafu huu mgongo wangu..."

"Kamba umeibeba mwenyewe kutoka kwako," Lengai akasema. "Na ulikuwa unaimba."

Safari hii vijana wote walicheka, na hakuna kitu baba mdogo anachokiogopa kama kuchekwa na watu anaowanywesha pombe ya mbege. Akayatazama mashimo. Akayatazama tena, amepata wazo.

"Mashimo haya yamesogea. Mpaka haukuwa hapa. Ulikuwa kule chini kwenye kahawa."

"Mashimo nimechimba asubuhi, yanaweza kusogea," nikamjibu. "Gurudumu je?"

Rodrick akainuka kwenye jiwe lake, akaja akachuchumaa, akaingiza kidole ubavuni mwa rimu iliyozama. "Hili halijasogea tangu liwekwe," akasema. "Mizizi imelipita katikati. Mzee, mimi naomba uamuzi. Kuna jingine naambiwa liko Karatu, nikiondoka hapa naenda huko."

Nilimwona baba mdogo akipiga hesabu. Gari likibaki, njia hakuna, na leo kijiji kizima kimeshajua alichokuwa anakitaka. Akishika isale, njia hakuna vilevile, ila atakuwa mtu mwema aliyepanda mpaka na familia ya marehemu kaka yake. Akachagua wema. Watu wa aina yake huuchagua wema hivyo, ukiwa umebaki peke yake mezani.

Akakohoa. "Sawa. Kwa heshima ya kaka. Nani anashika upande wa marehemu?"

Calvin alikuwa amerudi kutoka nyuma ya choo, simu imeisha. Akavua miwani, akasogea mbele, akakunja mikono ya shati. "Mimi ndiye mkubwa."

"Rudi," mama akasema.

"Mama, ni desturi, mtoto wa kiume..."

"Desturi ulisema ni majani. Mwenzako aliuuza mpaka na wewe ukambebea. Mtaushikaje? Hanna ndiye atashika."

Vijana wakanong'ona. Baba mdogo akafungua mdomo aseme mtoto wa kike hashiki isale, akamtazama mama, akaufunga. Nikatoa mche wa kwanza kwenye ndoo. Nikaushika shina kwa juu, yeye akashika kwa chini. Tukashusha. Nikafukia, nikashindilia kwa kisigino. Mara sita. Mara ya nne alitaka kuuachia mche kabla haujafika chini, nikaungoja hewani bila kuushusha, watu wanatazama, mpaka akaushika tena.

Tulipomaliza nilifungua mafundo yote manne, kwa kuwa aliyefunga ndiye anayefungua. Vijana wakafunga kamba.

"Mimi bado naona," Calvin akaanza, "sasa kwa kuwa mpaka umepandwa, hakuna haraka. Tungelitengeneza. Mama, fikiria Krismasi."

Prosper kwa mara ya kwanza siku ile akapata sauti. "Liuzwe! Mtu ameshakuja na lori!"

Wakaanza tena palepale, klasiki huku, lori kule. Mama akawaacha waongee kidogo kisha akanigeukia mimi.

"Hanna, liuzwe au litengenezwe?"

Wakageuka wote wawili kunitazama. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza walitambua kwamba swali lile linaweza kuulizwa upande niliosimama mimi.

"Liuzwe," nikasema.

"Nilidhani unalipenda," Calvin akasema, kama ameonewa. "Si ndiyo maana ya vurugu zote hizi? Kumbukumbu ya baba?"

"Waliolipenda ni kuku."

Na ndivyo ilivyo. Watu wa mjini hupenda kudhani mtu akisimama mbele ya kitu basi anakipenda kitu chenyewe. Gari lile lilinichania nguo, lilifuga nyoka, na mvua ikinyesha lilinuka kinyesi cha kuku mpaka chumbani kwangu. Lilikuwa na kazi moja na limeimaliza. Ukishapata mlinzi mwingine, unamlipa wa kwanza na kumwambia kwaheri. Nikamwomba Rodrick kitu kimoja: pesa amkabidhi mama mkononi, si Prosper. Akasema hilo hata nisingemwambia.

Walivuta. Mara ya kwanza kamba ikakatika. Mara ya pili rimu zikang'oka ardhini kwa mlio kama wa jino, gari likayumba, likaanza kupanda kuelekea barabarani huku vijana wanaimba. Baba mdogo hakuvuta. Mgongo ulikuwa umerudi. Calvin alitembea pembeni ya gari anajipiga picha, akamwambia mtu kwenye simu kwamba familia imeamua kulitoa gari la urithi kwa ajili ya utalii wa taifa. Prosper alitangulia garini kwake bila kuaga. Mama hakumwita.

Pale lilipokuwa palibaki ardhi nyeupe, majani membamba ya rangi ya mahindi mabichi, mabaki ya mayai, na mashimo manne ya magurudumu. Mama akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa maji, akaufungua, maji yakaingia kwenye kahawa. Akaanza kupalilia kama siku yoyote.

Baba mdogo alikuja akasimama karibu na masale mapya, mikono nyuma.

"Haya Hanna," akasema. "Umeridhika sasa? Tungeongea tu mimi na wewe, kama baba na mtoto, yangeisha. Mimi ni mtu wa amani. Hata hivi, njia ndogo tu ya kupitisha toroli, siku moja mkiona inafaa..."

Alikuwa anaongea hivyo huku mguu wake wa kulia umeshapita katikati ya mche wa pili na wa tatu, kiatu kizima, kimekanyaga upande wetu.

Niliutazama ule mguu. Niliutazama mpaka naye akainama akauona, na akaurudisha kwake.